BTU ni nini? Namba ya kuielewa kabla ya kununua AC ya nyumbani

Ukiulizia AC dukani, iwe Kariakoo au Mombasa, muuzaji atakujibu kwa namba: unataka elfu tisa, kumi na mbili, kumi na nane au ishirini na nne? Hizo ni BTU. Wengi hujibu kwa kukisia, au hufuata ushauri wa "chukua kubwa, itapoza haraka". Hapo pesa hupotea mara mbili, kwanza dukani, kisha kwenye umeme. Mwenye bajeti ndogo anapaswa kuielewa namba hii kabla ya kuangalia jina la kampuni, rimoti au taa za urembo.

Maana yenyewe

BTU ni kipimo cha joto. BTU moja ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji, yaani gramu 454, kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti. Ni joto dogo, karibu sawa na la njiti moja ya kiberiti ikiungua hadi mwisho.

AC haitengenezi baridi. Inachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje, kama mtu anayechota maji na kuyamwaga nje ya ngalawa inayovuja. AC ya BTU 12,000 inaweza kutoa joto la BTU 12,000 kila saa. Maneno "kila saa" huachwa katika mazungumzo, lakini ndiyo yanayoipa namba maana: ni kasi ya kuchota. Swali la mnunuzi basi ni moja, nalo ni joto kiasi gani linaingia chumbani kila saa. Ukilijua hilo, namba ya AC inajileta yenyewe.

Mafundi wana majina mengine ya kitu hichohicho. "Tani moja" ni BTU 12,000. Jina hilo linatokana na barafu: kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kilo 907, kwa saa 24 kunahitaji BTU 288,000, na ukigawanya kwa 24 unapata 12,000 kwa saa. "HP moja" kwa kawaida ni 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Kwenye kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa AC uwezo huandikwa kwa kilowati: 2.6 ni 9,000, 3.5 ni 12,000, 5.3 ni 18,000, na 7.0 ni 24,000. Kama kibandiko kina wati tu, zidisha kwa 3.412.

Angalizo moja kuhusu kibandiko hicho. Kina wati za aina mbili, na wauzaji wasio makini huzichanganya. Mstari wa Cooling Capacity ni joto linalotolewa chumbani. Mstari wa Power Input ni umeme unaoliwa. AC ya wati 3,500 za kupoza inaweza kula wati 1,100 tu za umeme, na hakuna muujiza hapo, kwa sababu umeme unatumika kulihamisha joto, si kulizalisha.

Nusu ya kazi ni maji

Hapa ndipo mahesabu ya nchi kavu yanapoachana na ya pwani. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, hewa ya kaskazi inakuja imelowa. Hewa hiyo ikigusa koili baridi ya AC, yaani mabomba yake yaliyojikunja ndani, mvuke unageuka maji na kutiririka kwenye bomba la kutolea maji. Kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji kunakula takriban BTU 2,300. Weka ndoo chini ya lile bomba usiku mmoja wa Februari. Kila lita utakayoikuta asubuhi ni BTU 2,300 zilizotumika kukausha hewa bila kushusha kipimajoto hata nukta moja.

Sasa tazama hewa inayopenya. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.8. Nje kuna nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Ndani unataka nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55. Hewa ya chumba hicho ikibadilika mara moja tu kwa saa, inaingiza maji kama gramu 400, na jumla ya joto la BTU 1,200 hivi. Sehemu kubwa ya joto hilo, karibu nne ya tano, ni unyevu.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa zipumue. Juu ya dirisha kuna matundu ya hewa, dirishani kuna nyavu na vioo visivyofunga sawasawa, na chini ya mlango pana uwazi unaopitisha kidole. Chumba cha namna hiyo hubadilisha hewa mara tatu kwa saa bila shida, na hizo ni BTU kama 3,600, karibu theluthi ya AC ya 12,000. Kuziba matundu, kubandika mpira kwenye fremu ya dirisha na kuweka brashi chini ya mlango ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Kabla ya kununua AC kubwa zaidi, ziba ngalawa. (Zibua tena unapoacha kutumia AC, na fungua dirisha asubuhi; watu waliolala wanahitaji hewa mpya.)

Kwa sababu hiyohiyo, AC ya magurudumu yenye bomba nene la kutupa hewa nje haifai sana pwani. Inanyonya hewa ya chumba na kuipuliza nje, na kila inachotoa kinafidiwa na hewa ya moto na unyevu inayopenya mlangoni. BTU zilizoandikwa kwenye boksi lake hazilingani na zile za AC ya ukutani. Ile inayoitwa "AC ya maji", feni yenye tangi na pedi zenye maji, haina BTU kabisa, kwani inapoza kwa kuongeza mvuke. Dodoma wakati wa kiangazi inasaidia. Mombasa inakuongezea jasho.

Kukadiria chumba chako

Kwa pwani, anza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Kadirio hilo linahesabu chumba chenye dari, kimo cha kawaida, dirisha lenye pazia na watu wawili. Chumba chetu cha mita 14 za mraba kinatoa 8,400. Kisha ongeza kinachozidi. Ukuta au dirisha kubwa linaloangalia magharibi huongeza asilimia 10. Kila mtu wa tatu na kuendelea ni kama BTU 400. Televisheni, kompyuta na taa: jumlisha wati zake, zidisha kwa 3.4. Jiko lililo wazi kwenye sebule lihesabie 4,000. Na bati lisilo na dari chini yake huongeza asilimia 20 hadi 30.

Kwa hiyo chumba cha mita 14 chenye ukuta wa magharibi na televisheni ya wati 100 kinahitaji 8,400, ongeza 840, ongeza 340, jumla karibu 9,600. Dukani kuna 9,000 na kuna 12,000. Ikiwa pana dari na matundu yamezibwa, 9,000 inatosha: itachukua muda kidogo zaidi jioni, kwa sababu kuta za tofali zimekunywa jua mchana kutwa, kisha itashika usiku mzima. Ikiwa ni bati tupu juu, nunua 12,000. Au weka dari ya jipsamu kwanza; dari utaifaidi hata umeme ukikatika.

AC ikiwa ndogo mno, inazunguka bila kupumzika na haifiki nyuzi ulizoweka. Hilo kila mtu analiona. Kosa la kununua kubwa mno linajificha. AC ya 24,000 isiyo ya inveta (isiyoweza kupunguza mwendo) kwenye chumba cha mita 14 inashusha nyuzi kwa dakika chache, kisha kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, inazimika. Koili haikupata muda wa kukamua maji, na feni inayoendelea kuzunguka inayarudisha hewani yaliyobaki juu yake. Matokeo ni chumba cha baridi chenye ubichi: shuka zinashika unyevu, ukungu unatokea nyuma ya kabati, na wewe unashusha rimoti hadi 18 ukidhani AC imepungua nguvu. Wakati huo kompresa inawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi, na kila kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Hivyo ndivyo kompresa zinavyokufa mapema.

Inveta: lini inalipa, lini hailipi

Kompresa ya kawaida inajua mambo mawili, kuwaka kwa nguvu zote na kuzima. Ya inveta inapunguza mwendo. Ikifika nyuzi ulizotaka inaendelea kuzunguka polepole, ikitoa joto lileile linaloingia, na ikikamua maji muda wote. Umeme unapungua kwa sababu koili zilizotengenezwa kwa mzigo mkubwa sasa zinahudumia mzigo mdogo, na joto linapita kwa urahisi zaidi.

Kipimo cha uchumi ni BTU kwa kila wati moja ya umeme, kinachoitwa EER. AC ya BTU 12,000 inayokula wati 1,200 ina EER ya 10. Tuseme chumba kinahitaji kutolewa BTU 6,500 kwa saa kwa wastani, saa 8 za usiku. Jumla ni 52,000. Kwa EER ya 10 utatumia uniti 5.2. Inveta inayofikia wastani wa 14 itatumia 3.7. Tofauti ni uniti 1.5 kwa usiku. Kwa Tanzania, bei ya uniti kwa mteja wa kawaida wa TANESCO iliyopangwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na zikijumlishwa inafika kama 356. Hivyo unaokoa karibu shilingi 530 kwa usiku, kama 16,000 kwa mwezi.

Sasa weka bei ya dukani. Ikiwa inveta inazidi ile ya kawaida kwa shilingi 250,000, chumba cha kulala kinachotumika kila usiku kitairudisha ndani ya miezi 16 hivi. Sebule ya wageni inayowashwa Jumapili tu haitairudisha kabla AC yenyewe haijachakaa. Hapo chukua ya kawaida bila majuto.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hulisahau: mteja aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu kwa uniti. AC ikila uniti 4 au 5 kwa usiku, kundi hilo unalipita kabla ya mwezi kwisha, na nyumba nzima inaanza kulipia bei ya kawaida. Hiyo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Unapolinganisha, linganisha inveta kwa inveta. Kibandiko cha inveta huonyesha pia kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano 3,000 hadi 11,000. Kile cha chini kina maana kubwa, kwani inveta iliyozidi chumba nayo ikishindwa kushuka chini ya hapo inaanza kuwaka na kuzima kama ya kawaida. Kenya ina kibandiko cha nyota 1 hadi 5 kinachosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya huko, na nyota zaidi ni umeme kidogo zaidi kwa kazi ileile.

Uwezo ulioandikwa hupimwa kwa hali maalumu: nje nyuzi 35, ndani 27. Hali hiyo huitwa T1, nayo inafaa pwani yetu. AC za Ghuba, zinazokuja kwetu nyingi kutoka Dubai, huandikwa T3, maana yake zimepimwa nje kukiwa na nyuzi 46. Haina ubaya, ila usilipe zaidi kwa ajili ya T3 ukiwa Dar. Kinachohitaji macho ni herzi, yaani mara ambazo umeme unageuka kwa sekunde. Saudi Arabia hutumia umeme wa herzi 60, sisi 50. Kompresa isiyo ya inveta iliyotengenezwa kwa herzi 60 tu itazunguka polepole hapa, na BTU zake zitapungua.

AC zinazoweza kugeuza mzunguko na kuleta joto ndani ni nzuri kwa Njombe, Arusha au Nairobi mwezi wa Julai, na zinatumia umeme mdogo sana kuliko hita ya waya. Pwani ni kitu cha kulipia bure.

Gesi, shaba na chumvi

Usinunue AC ya gesi R22, hata ikiwa bei ya kutupa. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 na itazidi kuwa adimu. R410A bado ipo kwa wingi. R32 ni mpya kuliko hizo mbili kwa AC za nyumbani. Inahamisha joto vizuri, lakini inaweza kushika moto kwa kiasi, kwa hiyo fundi wa kuchomelea asiwashe moto kabla ya kuitoa yote.

Ukikaa karibu na bahari, uliza koili ni ya shaba au ya alumini. Ya alumini ni ya bei nafuu, na ikitoboka ni nadra kupata fundi wa kuiziba ikakaa. Mabati ya koili ya nje yawe na rangi ya kukinga chumvi, ya bluu au ya dhahabu, na uyaoshe kwa maji ya bomba yasiyo na kasi kila miezi michache. Soma garantii vizuri pia. "Miaka 10 ya kompresa" haihusu bodi ya umeme, na kwenye inveta bodi ndiyo inayoungua umeme unapocheza. Weka kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwasha kwa dakika 3 hivi, chenye uwezo wa ampea 16 au 20. Kile kidogo cha friji, cha ampea 5, hakifai.

Ufungaji unaweza kuzila BTU zako

AC nzuri iliyofungwa vibaya inaweza kutoa pungufu sana ya namba yake. Kwa 9,000 na 12,000 za sasa, mabomba ya shaba huwa ya robo inchi na ya tatu kwa nane. Kwa 18,000, robo na nusu. Yote mawili yavalishwe sponji, kila moja peke yake. AC nyingi huja na gesi ya kutosha mita 5 za bomba. Zaidi ya hapo gesi huongezwa kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kitabu, wala si kwa kushika bomba na kukisia. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, wenye breka yake kutoka kwenye sanduku la umeme. Usichomeke kwenye soketi moja na friji.

Simama karibu fundi anapofikia hatua ya kutoa hewa kwenye mabomba. Njia sahihi ni pampu ya kunyonya, dakika 20 hadi 30, kisha inazimwa na geji inaangaliwa kama inapanda. Ikipanda, pana uvujaji. Njia ya mkato ni kufungua gesi kidogo ili "isukume hewa nje". Hewa na unyevu vinavyobaki huchanganyika na oili ya kompresa na kutengeneza asidi inayokula waya za mota polepole. AC itapoza vizuri siku hiyo na itakufa baada ya mwaka mmoja au miwili, bila mtu kujua sababu.

Mtambo wa nje uwe na nafasi ya sentimita 15 nyuma na zaidi ya 60 mbele. Ukiufungia kwenye kibaraza chenye kuta tatu, utavuta tena joto ulilolitupa. Bomba la maji literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda popote. Likipanda, maji yatarudi na kudondokea kitandani.

Na gesi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka yote. Anayekuambia uongeze gesi kila mwaka anakuuzia tundu lisilozibwa. Barafu ikiganda kwenye koili, osha kichujio kwanza, kwa maji tu, na ufanye hivyo kila wiki mbili hadi nne. Ikiendelea kuganda, ndipo atafutwe mvujo.

Kabla ya kummalizia fundi hela yake, iwashe kwa dakika 15 ukiwa umeweka nyuzi za chini kabisa na feni ya juu. Pima hewa inayoingia juu ya AC na inayotoka mdomoni mwake kwa kipimajoto cha kawaida. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Pwani, usiku wa unyevu mwingi, itakuwa karibu na 8, na hilo si kosa, mradi bomba la nje linadondosha maji. Ikiwa tofauti ni nyuzi 4 na bomba ni kavu, mwambie afungue tena geji zake ukiwa umesimama hapohapo.